Bibi Mifugo anajibu: mbwa anayeogopa ngoma, punda asiyeshikika masikio

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu kumtuliza mnyama kwa mkono, nikadhani nimemaliza. Simu yangu haijapumzika tangu hapo. Wengi mmeuliza jambo moja kwa midomo tofauti, kwa hiyo safari hii ukurasa wote ni wa mikono. Naanza na ujumbe ambao sikuungoja uchapwe. Mwandishi wake nilimpigia usiku uleule.

*Shikamoo Bibi Mifugo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Masasi. Mbwa wetu alikuwa mpole, lakini huu ni usiku wa tatu amejichimbia nyuma ya pipa, hataki mwanga, mate yanamtoka na sauti imekuwa kama ya mtu mwenye mafua. Jana alimng'ata mdogo wangu kidogo tu. Je, nikimkanda kama ulivyoandika atatulia?*

Marahaba mwanangu. Narudia hapa kwa faida ya wengine niliyokwambia kwenye simu: usimguse. Mbwa mpole akigeuka mkali ghafla, au mkali akawa mpole ghafla, akashindwa kumeza, akatokwa mate, akakimbilia gizani, huyo ni wa kufungiwa mlango na kuitiwa afisa mifugo wa kata. Kukanda kunamfaa mbwa mwenye woga. Kichaa cha mbwa hakikandwi.

Na hakuna kung'atwa “kidogo tu”. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, dakika 15 za saa, halafu hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Hata aliyelambwa kwenye kidonda aende. Usitie pilipili, usitie mafuta ya taa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna daktari wa kuzirudisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani wa kuchanja mbwa kusini mwa Tanzania, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba kisanduku cha barafu. Nakumbuka foleni chini ya mwembe, watoto wamewafunga mbwa kwa vipande vya vitenge. Foleni zile siku hizi sizioni. Mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Mbwa wa Masasi alikufa siku ya pili. Mtoto anaendelea na sindano zake.

*Habari za kazi Bibi Mifugo. Nina mbwa anaitwa Watasema. Jina alilipa marehemu mume wangu, na walengwa wanajijua. Shida yake ni ngoma. Ngoma za unyago zikianza kulia, au jirani akiweka kigodoro, anaingia chini ya kitanda na kutetemeka hadi kitanda kinagonga ukuta. Mwezi wa sita alitafuna mlango mpaka fizi zikatoka damu. Mwanangu ananikataza kumbembeleza, eti nitamdekeza. Huko kukanda ulikoandika kunafanyikaje hasa? – Mama wa Watasema, Mikindani*

Mama wa Watasema, pole na mlango. Nianze na mwanao: mwambie woga haudekezwi. Mbwa hujifunza kukaa, kufuata, kuiba samaki. Hayo ukiyatuza yataongezeka. Kutetemeka hafanyi makusudi. Moyo unakwenda mbio na misuli imekaza, na sijaona mbwa aliyetetemeka zaidi kesho kwa sababu leo aliwekewa mkono. Kinachomharibu ni kuburutwa kutoka chini ya kitanda “ili azoee”. Chini ya kitanda ndiko kwake. Mwachie, tena mtandikie gunia.

Pili, usianze usiku wa ngoma. Siku ya ngoma si siku ya kujifunza kucheza. Chagua jioni tulivu, jua likishapoa, maana joto letu la mchana humfanya mbwa ahemee juu juu na hutajua kama ni woga au ni jua. Kaa chini kwenye mkeka, umpe ubavu, usimkodolee macho. Ngoja aje mwenyewe. Akija, mguse begani au kidarini kwa upande wa nyuma wa mkono wako. Utosini hapana.

Hilo la utosini nina haki ya kulisema. Nina kovu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, nililolipata Newala mwaka wangu wa pili kazini. Nilimwinamia mbwa wa mzee mmoja nikampigapiga kichwani kama ninavyowasalimu watoto. Kwake yeye, jitu limemfunika na kumshushia kitu kutoka juu. Alinionya mara tatu: alilamba midomo, akageuza uso, akapiga mwayo. Mimi, na cheti changu cha chuo cha mifugo cha Mpwapwa mfukoni, nikamwambia yule mzee, “Ona, ana usingizi.” Sikumaliza sentensi.

Basi, mguse kwa muda wa kuhesabu tatu, kisha ondoa mkono uuweke pajani mwako. Hapo pa kuondoa mkono ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wanaporuka. Akikusogelea, akakuegemea, akausukuma mkono kwa pua, amekwambia endelea. Akiganda, akatazama pembeni, akalamba midomo bila chakula, amekwambia basi. Akiondoka, mwache aende, kesho ipo. Siku za kwanza unaweza kukaa nusu saa ukapata miguso minne tu. Usione umeshindwa.

Sasa kukanda kwenyewe. Neno hili linapotosha kidogo, kwa sababu mtu anafikiria unga wa maandazi. Huu ni mguso mwepesi. Tumia ncha za vidole vitatu vya kati, kidole gumba kiegemee tu. Fikiria uso wa saa umechorwa begani kwake, namba 6 ikiwa upande wa chini. Anzia kwenye 6, zungusha kama mshale unavyokwenda, upite 9, 12 na 3, urudi kwenye 6, halafu uendelee mpaka 9 na kuishia hapo. Duara moja na robo. (Nasema namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa, si saa zetu za Kiswahili. Ukianza kuhesabu kutoka saa kumi na mbili hadi saa tatu mbwa atakuwa amelala na wewe pia.) Ngozi ndiyo inayosogea juu ya nyama, vidole visiteleze juu ya manyoya.

Uzito wa vidole uwe ule ambao ungeweza kuuvumilia kwenye kope ya jicho lako. Kina mama wanaobangua korosho hunielewa upesi nikiwaambia hivi: ni kama kidole gumba kinavyoambua lile ganda jembamba la ndani bila kuivunja punje, maana punje nzima ina bei yake na kipande kina bei yake. Ukimaliza duara moja, vuta pumzi, sogea upana wa vidole vitatu, fanya lingine. Pita begani, kidarini, kando ya uti wa mgongo. Usisugue mahali pamoja mara kumi, utamkera.

Halafu masikio. Shika shina la sikio taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, telezesha mpaka kwenye ncha, kila mara ukipita mstari mwingine mpaka sikio lote limepitiwa. Mbwa wengi hulipenda hili kuliko yote. Lakini Watasema akilivuta sikio kwa uchungu, linuse. Likiwa na harufu mbaya na ukoko mweusi, hapo una sikio bovu, na sikio bovu peke yake linatosha kumfanya mbwa achukie kelele. Litibiwe kwanza.

Kuna pia kanga. Kunja kipande cha kanga kuukuu kiwe utepe wa upana wa kiganja. Katikati ya utepe pakae kidarini, ncha zipande juu ya mabega, zipishane mgongoni, zishuke chini ya mbavu, na fundo likae ubavuni, lisikalie uti wa mgongo. Vidole viwili vipite chini yake bila taabu. Baadhi ya mbwa hutulia wakihisi wamekumbatiwa hivyo. Wengine huganda kama sanamu, na huyo mvue mara moja. Kwa joto la Mikindani dakika 10 hadi 15 zinatosha, na usimwache nayo peke yake akajinyonga. Kwa mbwa mwenye jina hilo, nina hakika kanga yenye maneno ya kujibu haikosekani nyumbani mwako.

Mbinu hii ya duara na ya utepe si yangu. Ni ya Linda Tellington-Jones, mzaliwa wa Kanada (1937) na mfunza farasi, ambaye katikati ya miaka ya 1970 alikwenda San Francisco kusoma kwa Moshe Feldenkrais, mwanafizikia aliyekuwa akiwafundisha watu kutumia mijongeo midogo, ya polepole, ili mwili uliokaza ujifungue. Yeye akaipeleka elimu ile kwa farasi, baadaye kwa mbwa na wanyama wengine, akaiita TTouch. Wapo wanaoisifu kupita kiasi. Utafiti juu ya duara lenyewe ni mdogo, na mimi siamini kuna muujiza wowote kwenye ile robo. Ninaloliamini, baada ya kuitumia miaka mingi, ni kwamba mtu anayehesabu namba za saa begani kwa mbwa hana nafasi ya kumburuta. Amepunguza mwendo, pumzi yake imeshuka, na mbwa ameliona hilo kabla ya mwenyewe.

Wiki ya pili au ya tatu, rekodi ngoma kwa simu ya mwanao (apate kazi badala ya kukukataza). Ipige kwa sauti ndogo kiasi kwamba masikio yanageuka lakini mwili haukazi. Dagaa mmoja, maduara mawili, zima. Ongeza sauti kidogo kila baada ya siku chache. Akianza kuhema, umekwenda mbio; rudi nyuma. Usiku wa ngoma yenyewe mlishe mapema, funga dirisha la upande wa kelele, mkono wako uwe karibu na gunia bila kumlazimisha.

Kama baada ya hayo bado anajiumiza mlangoni, mkono peke yake hautoshi. Ziko dawa za woga anazoweza kuandikiwa na daktari wa mifugo, na si aibu kuzitumia. Vidonge vya nyumbani ndivyo vya kuogopa: diklofenaki ya mgongo wa bibi inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

*Umeandika tukande. Nimemkanda wangu akanipasua kidole. Nirudishieni pesa ya gazeti. – Msomaji, Newala*

Pole, na pole tena kwa kuwa ni Newala, mji ambao una historia na mikono ya watu wa kazi yangu. Nilikupigia, ukakiri kwamba ulimkanda akiwa anakula kichwa cha samaki. Hata mimi ningekupasua. Mnyama anayekula, anayenyonyesha au aliyelala fofofo haguswi. Nenda zahanati na kidole hicho, pesa ya gazeti itangoja.

*Asalaam aleikum Bi Mkubwa. Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Lindi mjini. Tajiri ana mbwa wawili. Mmoja ananiogopa mimi kuliko anavyoogopa wezi. Nikiamka kwenye kiti anajikojolea. Nataka anizoee, lakini naswali, na habari ya mbwa unaijua. Nitamgusaje?*

Waaleikum salaam mwanangu. Hukumu ya dini muulize ustadhi wako, mimi nilisomea kupe. Ninaloweza kukueleza ni namna walinzi wenzako wanavyofanya huku kwetu, ambako wengi tunafuata Shafi'i: najisi huhama penye majimaji, na mate yake yakikugusa ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, mkavu kwa mkavu haihami. Kwa hiyo wanatenga glavu ya kitambaa na shati la lindoni, na la kuswalia linabaki kwenye mfuko. Kumhurumia hakujakatazwa. Kisa cha aliyeshuka kisimani akamchotea mbwa maji kwa kiatu unakijua tangu madrasa.

Ila wewe hujafika kwenye kugusa. Mbwa anayejikojolea ukisimama anakuomba umhurumie, wala hakufanyii jeuri. Wiki nzima ya kwanza kaa kiti umempa mgongo, uwe unamtupia kipande cha muhogo au mabaki ya wali, kwa mkono wa chini, bila kumwangalia. Kabla ya kuinuka, kohoa, ili ajue unainuka. Akianza kuja hadi miguuni, chukua ufito mwembamba, ufunge kitambaa laini mwishoni, umpapase nao kidarini na begani polepole. Wanaofundisha kazi hii hutumia ufito hivyo kwa wanyama wasiotaka mkono. Lakini ufito ukiinuliwa tu naye akalala chini, basi ameshapigwa na mwingine kabla yako, uweke mbali kabisa na utumie glavu ukiwa umechuchumaa. Na yule aliyempiga, kama bado anafanya kazi hapo, atakurudisha nyuma kila asubuhi. Zungumza na tajiri.

*Je, inafaa na kwa paka? – Tandahimba*

Inafaa: shavuni, chini ya kidevu, mbele ya sikio. Ukifika tumboni umejitakia.

*Shikamoo mama. Nimezaliwa Nachingwea, sasa nipo Arusha, natunza farasi. Kuna jike mmoja akimwona fundi wa kwato tu anarusha kichwa na kutaka kukata kamba. Wenzangu humsokota mdomo wa juu kwa kamba ndipo asimame. Mimi humpigapiga shingoni kumtuliza lakini naona ndiyo kwanza anapandisha. Nifanyeje?*

Marahaba baba. Huku kwetu farasi ni wa kwenye picha. Mbung'o, wale nzi wanaoambukiza mifugo ugonjwa wa damu, walishaamua hilo zamani. Ila nilikaa miaka minne chini ya Mlima Meru, na niliwaogopa wiki nzima ya kwanza, kwa hiyo wewe umenishinda.

Acha kumpigapiga. Watazame farasi wawili wanaopendana malishoni: hawapigani makofi. Wanasimama kichwa huku mkia kule, kila mmoja akimkuna mwenziwe kwa meno pale singa zinapoishia, kwenye kile kinundu cha juu ya mabega. Mwaka 1993 Claudia Feh na Jeanne de Mazières walichapisha utafiti wao juu ya farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa. Farasi alipokunwa hapo wanapopapenda, mapigo ya moyo yalishuka. Alipokunwa mahali ambapo wenzake hawapagusi sana, hayakushuka. Sasa wewe unampiga makofi shingoni akiwa amejaa woga, unataka asikie nini?

Simama ubavuni, usawa wa bega, usisimame mbele ya paji la uso wala nyuma ya mkia, maana pote pawili hakuoni. Mkono uanzie begani. Kunja vidole, kuna kwenye kinundu polepole kama mtu anayekuna mgongo wa mtoto mwenye usingizi. Utajua umepapata ukiona mdomo wake wa juu unarefuka na kucheza. Na usinisadiki mimi, hesabu: mshipa unapita chini ya taya, kwenye ukingo wa mfupa, uwekee vidole viwili. Farasi mzima aliyetulia ana mapigo 28 hadi 44 kwa dakika. Andika kabla ya kumkuna, andika na baada.

Kichwa kikishashuka, shuka kwenye mguu. Telezesha kiganja kutoka begani hadi gotini, simama, rudi juu. Siku ya kwanza usinyanyue kitu. Siku nyingine nyanyua kwato inchi moja na uirudishe chini mwenyewe kabla yeye hajaidai. Mwombe fundi aje siku moja bila nyundo, anywe chai, amkune, aondoke. Mafundi hucheka nikiwaambia hivyo, halafu wanaokoa muda mwezi unaofuata. Ila kwanza mkague jike huyo mguu wenyewe: kwato yenye joto au mguu anaoupumzisha kila mara ni maumivu, na maumivu hayakunwi yakaisha.

Kuhusu kamba ya mdomo, sikuhukumu. Niliisokota, nikawafundisha na wengine kuisokota. Kuna siku inahitajika, jeraha linavuja damu na daktari ameshika sindano. Kukata kwato kunakojirudia kila wiki sita hadi nane si dharura. Una muda wote huo wa kufanya kazi na mkono.

*Habari Bibi Mifugo. Nipo wilaya ya Kilwa. Nimenunua punda dume kwa wafugaji wa Kisukuma, wa kubebea maji na tofali. Anaitwa Pesa. Ana adabu sana, unaweza kumpakia anasimama kama nguzo. Lakini ukitaka kumvisha kamba ya kichwa, ukifika masikioni anageuka chui. Jirani anasema dawa ya punda ni bakora.*

Nzuri ndugu yangu. Jirani yako ana watangulizi. Machi 1866 David Livingstone alishuka hapa Mikindani kuanza safari yake ya mwisho, akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, baghala na punda, akitaka kuona kama watastahimili mbung'o. Wengi walikufa njiani, na hakuwalaumu mbung'o peke yao: katika shajara yake analalamika kwamba askari aliokuja nao waliwapiga, wakawajeruhi na kuwabebesha kupita kiasi. Zaidi ya miaka 150 tangu hapo, na bakora bado ina mawakili.

Kwenye barua yako kilichonitia shaka si masikio, ni hiyo nguzo. Farasi akiogopa hukimbia. Punda mara nyingi huganda, kisha watu humsifu kwa adabu. Kesho ukimpakia, mtazame usoni kabla hujamtazama mgongoni. Tundu za pua zimekaza? Jicho halipepesi? Nzi wanatua naye hatikisi mkia? Pumzi ni fupi? Huyo hajatulia. Amejifungia ndani akingoja yaishe. Punda aliyetulia kweli hulegeza mdomo wa chini, hupumzisha mguu mmoja wa nyuma, na masikio yake huangalia huku na kule kama ya mwenye nyumba.

Mvue matandiko na shogi, upitishe kiganja wazi mwili mzima, taratibu, kutoka kinunduni kwenda nyuma. Hapo mkono unasoma. Unatafuta joto, uvimbe, kidonda kilichojificha chini ya manyoya pale mzigo unapokaa, misuli inayoruka ukiigusa. Ukikuta kidonda, hakuna kubeba mpaka kipone, hata kama tofali zimelipiwa. Angalia na fizi. Zikiwa zimepauka na punda anakonda ingawa anakula, Kilwa ina mbung'o: apimwe damu.

Sasa masikio. Kuna sababu mbili ninazokutana nazo. Ya kwanza, watu wengi humkamata punda kwa kumsokota sikio, na yeye hasahau mkono uliofika hapo. Ya pili ni kupe, wanaoingia ndani kabisa ya sikio usikokuona bila mwanga.

Kama ni kumbukumbu, dawa yake ni subira ya kila siku, dakika kumi, saa ambayo hana kazi. Mkune kinunduni mpaka mdomo ulegee. Kisha peleka mkono juu ya shingo kwa yale maduara niliyomweleza mama wa Watasema, hatua kwa hatua, kuelekea sikioni. Jua mpaka wake: kuna mahali shingo inakaza kabla hajarusha kichwa. Usivuke hapo. Fika, fanya duara moja, rudi kinunduni. Kesho mpaka utakuwa umesogea upana wa kidole, keshokutwa huenda umerudi nyuma, ni kawaida. Siku utakapofika kwenye shina la sikio, lishike kwa kiganja kizima bila kulibana, na uwe wa kwanza kuondoka. Mimi na punda mmoja wa Nangurukuru tulichukua siku kumi na tisa. Mwenyewe alikuwa amekata tamaa siku ya nne.

Wakati huohuo, kwa nini kamba ipite masikioni? Ifunge upya iwe wazi juu: kipande cha puani kivishwe kwanza, halafu ncha ndefu ipite nyuma ya masikio na kufungwa fundo shavuni. Kazi ya dakika tano kwa mtu mwenye kamba ya katani, na kesho asubuhi unapakia bila vita. Na kama Pesa anaishi peke yake, mtafutie mwenzake. Punda mpweke huwa na hofu ambayo mkono wa mtu hauwezi kuiziba.

Niandikie mwezi ujao, utaje ni sikio gani analokataa: la kushoto, la kulia, au yote mawili. Likiwa moja tu, kabla ya kukanda chochote nunua tochi.